Mmekuja Navyo?

Barua ya kuombea vyumba ndiyo iliyotuponza. Ofisini kwetu, kwa watafiti wa virusi wa chuo, kikao cha kazi cha siku kadhaa nje ya ofisi kila mtu hukiita ritriti: ritriti ni lini, posho ya ritriti imetoka, nani anabaki kuangalia maabara wakati wa ritriti. Lakini mhasibu wa mradi ni mtu wa utaratibu, hakutaka neno la kupita likae juu ya mhuri wa chuo. Akafungua kamusi, akarudi na neno la heshima, akaandika kwamba idara inaomba nafasi kwa ajili ya "mafungo ya watafiti wa virusi, watu 38, siku 4".

Aliyelelewa kanisani anajua mafungo ni nini. Unakwenda mahali pa kimya, unasali, unakula kidogo, unazima simu. Kwa hiyo masista wa ile hosteli ya Muheza, chini ya milima ya Usambara, walijiandaa kupokea watu wa sala. Kilichowatatiza kilikuwa hilo neno virusi.

Coaster ilipoingia getini jioni tulikuta ndoo yenye koki imewekwa juu ya kigoda, sabuni ya maji kando yake, na sista mmoja mtu mzima amesimama pale kama tulivyokuwa tukisimamiwa enzi za UVIKO. "Tumsifu Yesu Kristo." Nusu yetu ni Waislamu, lakini kwa uchovu wa safari basi zima liliitikia milele amina. Tukanawa mmoja mmoja. Alipofika profesa, sista akamsogelea, akashusha sauti.

"Samahani baba, nauliza tu. Mmekuja navyo?"

"Hapana Sista," profesa akajibu bila kutabasamu. "Tumeviacha kwenye friza."

Watu wakacheka hadi dereva. Tuliokuwa tunaijua hali ya ile friza hatukucheka sana.

Chakula cha usiku ule kiliishia kwenye ngeli. Nilidhani wanasayansi wakikutana watabishana kuhusu mambo makubwa, kumbe ni sista yule na "navyo" yake. Kijana mmoja wa magonjwa ya binadamu alishikilia kwamba virusi ni neno la kukopa, halina umoja, na anayesema kirusi anatia chumvi. Daktari wa mifugo aliyetoka Nairobi akamuunga mkono: kwao, alisema, ni virusi tu, kiwe kimoja ziwe mia. (Na kweli alisema "kiwe" na "ziwe" katika pumzi moja.) Mimi niko upande wa sista. Neno lilituingilia likiwa na "vi" mbele kwa bahati tu, nasi tukalipokea kama mgeni aliyevaa sare yetu: kiti, viti, kirusi, virusi. Hatukuanza jana. Waarabu walituletea kitabu, hiyo "ki" ikiwa sehemu ya mzizi wao wenyewe, tukaikata tukatengeneza vitabu, na leo hakuna anayelalamika. Halafu likaja janga lililofunga mjadala: Virusi Vya Ukimwi, VVU, herufi tatu zilizobandikwa kwenye kila ukuta wa zahanati, mbili kati yake zikiwa V. Baada ya hapo nani angesema "virusi za"?

Shida ya kirusi ni moja, kwamba ni lugha ya watu. Mwenzetu mmoja alisimulia kuhusu mzee wa kijijini kwao aliyesikia redioni mwaka 2020 kwamba kirusi kipya kinasambaa kwa kasi duniani, akauliza kwani Warusi wameanza kutoa shule za bure tena.

Ratiba ya siku ya kwanza ilikuwa na kipindi ambacho sikuwahi kukiona kwenye mkutano wowote. Kila mtafiti apewe dakika tatu aeleze kazi yake, kwa Kiswahili, mbele ya akina mama wa jikoni. Waliombwa waache vyungu wakae mstari wa mbele na kanga zao. Nilijiamini, nimefundisha miaka sita. Nikaanza: "Mimi nafanya utafiti wa arbovirusi, yaani virusi vinavyoenezwa na athropoda..." Mama wa mbele akainua mkono.

"Mbu?"

"Ndiyo mama, mbu, na kupe pia."

"Basi sema mbu, mwanangu."

Dakika zangu zikaishia hapo. Wa mifugo walifaulu kuliko wote, kwa sababu wao maneno wanayo tangu zamani. Sotoka, mdondo, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa. Ukisema sotoka mbele ya mfugaji huhitaji kueleza kitu, babu yake alipoteza zizi zima. Na hapo ndipo yule daktari wa Nairobi aliponigusa, maana alisema jambo ninalolijua lakini sikuwahi kuliweka pamoja. Duniani magonjwa mawili tu ya virusi yamefutwa kabisa, ndui ya watu na sotoka ya ng'ombe. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali pale Merca, Somalia, mwaka 1977. Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho Kenya mwaka 2001, dunia ikatangaza kuwa imekwisha mwaka 2011, na chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake. "Yote mawili yamefia upande huu wetu," akasema. Akina mama wakapiga makofi. Mpishi ndiye waliyempigia, nadhani.

Saa nne usiku masista huzima taa. Si mgao, ni kanuni ya nyumba. Tukawa tunakaa barazani gizani, chupa ya chai ya mchaichai ikizunguka, na hapo ndipo mafungo yetu yalipoanza kweli. Mchana mtu akisimama na slaidi anasema kile kitakachompa fedha. Gizani hakuna slaidi.

Dada mmoja wa Uganda ametoka Entebbe, na usiku wa pili tulimwomba atueleze msitu wa Zika. Kwa Kiganda, alisema, neno hilo ni habari ya msitu uliosongamana. Kwetu sisi zika ni amri ya kufukia maiti, kwa hiyo tulicheka kidogo, kicheko cha gizani. Msitu uko kando ya barabara ya Entebbe na Kampala. Mwaka 1947 watafiti waliokuwa wakiwinda homa ya manjano waliweka vizimba vya kima juu ya miti, kima wa kutoka Asia ambao miili yao haikuwa imezoea magonjwa ya huku. Kila siku wanapimwa joto. Mwezi Aprili, yule wa namba 766 akapata homa. Damu yake ikadungwa panya, panya wakaugua, na kilichopatikana hakikuwa homa ya manjano. Januari 1948 kikapatikana tena ndani ya mbu wa msitu uleule. Dick, Kitchen na Haddow wakaandika makala mwaka 1952, dunia ikaweka kabatini. Hadi 2015, kilipopiga Brazili na watoto wakazaliwa na vichwa vidogo, ndipo kila mtu akajua kutamka Zika.

"Sasa," mtu akauliza kutoka upande wa mlango, "nani alikuwa anapanda mti kila siku kumpima kima?"

Kimya. Dick tunamjua, Kitchen tunamjua, Haddow hata mnara wa chuma wa kunasia mbu uliopo msituni tunauhusisha naye. Aliyepanda mti na kipimajoto mfukoni, pale barazani hakuna aliyemjua.

Aliyeuliza alikuwa Fundi. Sitaandika jina lake, lakini sote tunamwita hivyo: fundi sanifu wa maabara yetu, mtu wa miaka karibu sitini, aliyeingia pale kabla wengi wetu hatujamaliza darasa la saba. Nitamrudia.

Tunaye pia mwenzetu Mmakonde, mtu wa Newala. Yeye hukasirika kila akisoma kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, na vitabu vingi bado vinasema hivyo. Si letu. Ni la Kimakonde, la kujikunja, la kupinda, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa hata kunyanyua mkono kuchana nywele ni kazi. Alitueleza kuhusu ule uwanda wa juu wa Wamakonde, ardhi inayonyonya mvua yote isibaki hata kijito. Maji yanatafutwa bondeni, yanapandishwa kichwani, na ukishapata ndoo yako humwagi tone. Unaiweka ndani, kwenye mtungi, unafunika na kata. Mbu aina ya Edesi hataki kitu kingine: maji safi, yaliyotulia, gizani, na watu wamelala hatua mbili kutoka hapo. Mwaka 1952 watu wakaanza kuanguka kijiji baada ya kijiji. Marion Robinson na Lumsden wakaandika walichoona, na mwaka 1953 Ross wa taasisi ya Entebbe akakitenga kirusi kutoka kwenye damu ya wagonjwa.

"Bibi yangu mtungi huo alikuwa nao," akasema. "Mkubwa, mweusi. Sisi watoto tulikuwa tunaona viluwiluwi vinacheza ndani tunasema maji yana uhai."

Kuna kitu kinanikera katika majina haya, na usiku ule nilikisema. Nenda Uganda utakuta Bwamba, Bunyamwera, msitu wa Semliki, Ntaya, Bundibugyo, Nile Magharibi, vyote ni vijiji, misitu na wilaya za watu vilivyogeuka virusi. O'nyong'nyong ni neno la Waacholi, tangu mlipuko wa 1959 ulioshika watu wapatao milioni mbili. Lakini mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walisafirishwa kwenda Ulaya, wakaambukiza watu wa maabara za Ujerumani na Belgrade, 31 wakaugua na 7 wakafa, na kirusi kile kikaitwa Marburg, kwa mji wa wanasayansi walioanguka. Dada wa Entebbe akanijibu kwamba hiyo ndiyo haki pekee katika orodha nzima, angalau siku ile jina la mji wa Ulaya nalo lilibeba mzigo. Sikuwa na la kumjibu.

Na tumbili hao waliuawa kwa ajili ya figo. Seli za figo za tumbili ndizo shamba letu, ndimo tunamopanda virusi. Zinazotumika sana leo zinaitwa Vero, zilizoanzishwa Chiba, Japani, mwaka 1962, kutoka kwa mnyama mmoja wa jamii hiyo ya Afrika, na jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiesperanto yenye maana ya figo ya kijani. Kila asubuhi nikifungua inkubeta nachungulia kwa hadubini chupa bapa yenye seli hizo. Zikiwa nzima zimetanda kama mkeka, zimeshikana ukingo kwa ukingo. Ukiwa umetia sampuli yenye kirusi hai, siku ya tatu au ya nne mkeka unaanza kutoboka. Seli zinajikunja kuwa viduara, zinang'aa pembeni, zinaachia, zinaelea. Nimeona hilo mara nyingi na bado moyo hunienda mbio, na aibu kidogo, maana kinachonifurahisha ni kifo.

Siku ya tatu asubuhi, kabla hatujapanda Amani, kituo cha zamani cha utafiti huko mlimani, mama yule wa "sema mbu" aliniita jikoni. Alikuwa anamenya mihogo ya chai. Akachukua mmoja mnene, kwa nje mzuri kabisa, akaukata katikati kwa kisu cha bati. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa, yamesambaa kuanzia kwenye moyo. Akakata tena, tena. Vipande vitatu vya mwisho vikaenda kwenye ndoo ya nguruwe.

"Hii nayo ni ya kwenu?"

Nilikimbia kumwita mtu wa mimea. Watu wa mimea kwenye mikutano yetu hukaa nyuma, hakuna anayeogopa ugonjwa wa muhogo hadi siku anayolala njaa. Alifika na kifungua kinywa mkononi, akapiga magoti mbele ya ile ndoo. "Michirizi kahawia," akasema, kama mtu aliyekutana na jirani ughaibuni. Mama akamwambia yeye siku zote alijua ni udongo kuchoka. Akaeleza taratibu, na kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba si udongo: ni kirusi, kinabebwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya jani, na zaidi ya hapo kinabebwa na sisi, tunapokata pingili za shamba bovu na kumpa shemeji akapande. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kukaa kama hayana neno, mpaka siku ya kuvuna.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Pingili hizi alinipa wifi yangu."

Kwa hiyo tulipopanda Amani, kwa barabara ile ya kokoto inayozunguka zunguka kutoka Sigi hadi masikio yanaziba, tulikuwa tumeshajua tunakwenda kuona nini. Wajerumani walianzisha kituo cha kilimo pale mwaka 1902. Batobato la muhogo, ugonjwa mwingine wa virusi wa zao hilo, lilikuwa limeshaandikwa na Mjerumani Warburg tangu 1894, kutoka nchi hiihii. Baadaye, enzi za Waingereza, mtafiti Storey alikaa Amani akaueleza ugonjwa wa michirizi kahawia, mwaka 1936, na pale wakaanza kuchavusha muhogo na ndugu yake wa mwituni, ule mti wa mpira wa Ceara, wakitafuta watoto wasiougua. Baada ya vita vya pili utafiti wa kilimo ukahamia Muguga, Amani ikageuzwa kituo cha malaria. Lakini uzao wa mihogo ile ulishatoka mlimani. Ulifika mpaka Nigeria, ukawa msingi wa mihogo mingi ya Afrika inayostahimili batobato. Nilisimama chini ya miti ile mirefu, ukungu unaingia kwenye kola, harufu ya iliki kutoka mashamba ya jirani, nikamfikiria mama na ndoo yake kilomita thelathini na kitu chini yetu. Miaka karibu tisini tangu ugonjwa upewe jina pale juu, na kule chini bado ni udongo kuchoka.

Siku ya mwisho ilikuwa ya vipaumbele. Unajua siku hizo. Karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi. Mmoja akataka mashine mpya ya kusoma vinasaba, ile ndogo inayoingia mfukoni. Mwingine akataka kikosi cha akili mnemba cha kutabiri milipuko. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi Kagera akazungumza vizuri sana kuhusu Marburg, mlipuko wa Machi 2023 uliogusa watu 9 na kuua 6, na ule wa Januari 2025 Biharamulo, ambapo sampuli zilipimwa kulekule mkoani, kwenye maabara ya kuhamishika ya Kabaile, kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam. Alitaka mafunzo zaidi, na alituonyesha kwa nini: akavaa glovu mbili juu ya mbili, akajaribu kuandika namba kwenye kichupa kidogo. Tulimwangalia dakika nzima. Namba 7 ilitoka kama 1.

Fundi akainua mkono mwisho kabisa, wakati watu wanaanza kunusa pilau.

"Mimi naomba kufuli."

Profesa akasubiri aendelee.

"Kufuli la tangi la dizeli. Na vocha ya elfu mbili kila mwezi, ya mlinzi wa usiku."

Walioijua habari wakaangalia mezani. Mimi pia. Mwaka mmoja nyuma, umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta lilikuwepo, dizeli haikuwepo, na sitasema ilikwenda wapi. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ilianza kulia usiku. Mlinzi aliisikia. Alikuja na tochi hadi dirishani, akasoma namba ya simu iliyobandikwa mlangoni, akapiga. Ilikuwa ya mtu aliyestaafu miaka minne kabla, akiwa kijijini, hata hakujua friza hiyo bado ipo. Kisha salio likaisha. Mlinzi alikaa karibu na ile friza siku mbili akiisikiliza inalia, akidhani, alivyotuambia baadaye, kwamba ikiharibika watasema ni yeye. Jumatatu tulikuta maji sakafuni. Humo mlikuwa na visanduku vyangu vinne, mbu wa msimu mzima wa mvua wa Bonde la Kilombero, niliowapanga mmoja mmoja usiku juu ya barafu kwa jinsia na jamii. Kirusi cha aina ninayoifuata hakisubiri, kikishapata joto kinasambaratika. Mbu wangu walikuwa wamegeuka uji.

Nilimkasirikia mlinzi. Nakiri. Nilimkasirikia wiki mbili, na sikumuuliza hata mara moja usiku ule ulikuwaje.

Fundi hakusema lolote kati ya hayo pale ukumbini. Alisema tu, "Sisi wote hapa kazi yetu ni baridi. Baridi ikiondoka hakuna mtafiti." Akakaa.

Ripoti ya mafungo ina kurasa 22. Kufuli liko ukurasa wa 19, kama kipengele kidogo cha miundombinu. Bahati nzuri profesa hakuingoja, alitoa hela mfukoni mwake Muheza mjini, tukiwa tunanunua machungwa ya kupeleka nyumbani, akarudi na kufuli la shaba la ukubwa wa kiganja. Masista walituaga getini, ndoo na koki vimeshaondolewa. Sista mkuu akamshika Fundi mkono akamwambia mafungo mengine tuje tena, ila tujitahidi kusali.

Jumatatu nilimfuata mlinzi kwenye kibanda chake. Nilichelewa mwaka mzima, na nilipofika sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye salamu. "Shikamoo mzee." Akaniitikia, akanisogezea kiti. Mlango wa friza sasa una karatasi mpya yenye namba tatu, imezungushiwa selotepu isifutike, na namba ya kwanza ni ya kwangu. Yeye ndiye aliyependekeza asome kipimo kila anapopita lindo, kwani yuko macho tu.

Juzi saa nane usiku simu ilitetema chini ya mto.

"Mwl. -79. Umeme upo. Mbu wako wamelala."